Mpe Mgonjwa Kamera, Kisha Kaa Umsikilize

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu mliotutangulia katika kazi hii, wauguzi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaojiandaa kuandika tasnifu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie upigaji picha shirikishi kama mbinu ya utafiti wa kimaelezo, yaani utafiti unaotafuta maana katika maneno ya watu badala ya takwimu, katika uuguzi. Niweke msimamo wangu wazi mapema. Kamera si pambo la kuufanya utafiti upendeze machoni. Ukimkabidhi mgonjwa kamera, umemkabidhi uamuzi wa kipi kizungumzwe na kipi kiachwe. Mtafiti asiyekuwa tayari kuuachia uamuzi huo, heri abaki na hojaji yake.

Tuanze na tatizo lenyewe, maana mnalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Muuguzi anapita kitanda kwa kitanda, anauliza, "Unaendeleaje leo?" Anajibiwa, "Naendelea vizuri." Huenda aliyejibu hajapata usingizi usiku kucha. Amejibu hivyo kwa sababu anamwona muuguzi ana haraka, au hataki kuonekana msumbufu, au anaogopa kwamba akilalamika atahudumiwa shingo upande. Kesho yake tunarudi kwa mgonjwa yuleyule tukiwa watafiti. Tumevua sare, tumeshika kinasa sauti na orodha ya maswali, lakini yeye bado anatuona walewale, na majibu anayotupa ni yaleyale, ila yamerefuka. Maswali nayo ni yetu: maumivu, dawa, usafi, lugha ya watoa huduma. Kama kinachomkosesha raha hakimo katika orodha yetu, hakitaingia kwenye utafiti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi kwa miaka mingi tumeandika habari za kitanda tukiwa tumesimama pembeni.

Mbinu hii inafanyaje kazi? Mtafiti anakutana na mshiriki, anamweleza mada kwa maneno machache na mapana, kwa mfano "maisha yako tangu uanze matibabu haya", anamfundisha kutumia kamera au simu, kisha anamwachia muda. Inaweza kuwa siku kadhaa, inaweza kuwa wiki mbili. Mshiriki anapiga picha za anachoona kinahusika. Baadaye wanakaa pamoja, mshiriki anachagua picha anazotaka kuzizungumzia, na mazungumzo yanarekodiwa. Mazungumzo hayo ndiyo moyo wa data. Mtu akiniletea bahasha ya picha bila maneno ya aliyezipiga, hajaniletea utafiti bado.

Mizizi yake haikuanzia kwetu. Mwaka 1957 John Collier, mpiga picha aliyefanya kazi na watafiti wa afya ya akili katika jamii za mashariki mwa Kanada, alichapisha ripoti iliyolinganisha mahojiano ya kawaida na mahojiano yanayofanyika picha zikiwa mezani. Aliona kwamba penye picha watu walizungumza kwa undani zaidi, walikumbuka mengi, na hawakuchoka upesi. Lakini picha za Collier zilipigwa na watafiti. Hatua kubwa ilikuja miaka ya 1990, katika jimbo la Yunnan nchini China, ambako Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake 62 wa vijijini wapige picha za maisha na kazi zao. Wengi wa wanawake hao hawakuwahi kushika kamera. Kutokana na kazi hiyo, Wang na Burris walijenga mbinu iliyokuja kujulikana kama fotovoisi, na makala yao ya mwaka 1997 inayoifafanua ndiyo inayosomwa na takribani kila anayeanza. Walichota fikra kwa Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyeamini kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kuanza kuichambua hali yake akiwekewa mbele picha ya maisha anayoyaishi. Walichota pia kwa wanazuoni wa ukombozi wa wanawake, waliokuwa wakihoji ni nani amepewa haki ya kuwatazama wengine na kuwaeleza.

Wanawake wa Yunnan walipiga, pamoja na mengine, picha za watoto wadogo walioachwa bila wa kuwaangalia wakati mama zao wakilima. Picha zile ziliwafikia watunga sera. Ndiyo maana nasisitiza kwamba fotovoisi kamili ina lengo la tatu, zaidi ya kurekodi na kuzungumza: kuwafikia wenye mamlaka. Anayewapa watu kamera, akawahoji, kisha akaenda kuandika tasnifu, amefanya mahojiano kwa kutumia picha za washiriki. Ni utafiti halali na nautetea. Aseme tu hivyo kwenye sura yake ya mbinu, asiuite fotovoisi.

Sasa tuingie wodini, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Florence Nightingale aliandika, zaidi ya miaka 150 iliyopita, kwamba mgonjwa anateseka kwa kutazama kuta zilezile na dari ileile siku nenda siku rudi, na kwamba watu wenye afya hawawezi kuyakadiria mateso hayo. Tunamsoma, tunamnukuu kwenye mitihani, halafu tunaingia wodini na kuiona kwa macho ya mtu aliyesimama wima. Mpe kamera mgonjwa aliyelazwa chali. Atakuletea picha ya dari. Atakuletea taa inayomwaka usoni saa nane za usiku. Atakuletea kengele ya kumwita muuguzi ikining'inia nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali ambapo mkono wenye dripu haufiki. Kengele hiyo imo kwenye orodha yetu ya vifaa na imewekewa alama ya vema: ipo na inafanya kazi. Ni kweli ipo. Picha iliyopigwa kutoka kwenye mto ndiyo inayoonyesha ipo kwa ajili ya nani.

Mwaka 2003 Alan Radley na Diane Taylor walichapisha utafiti wao kuhusu kupona, ambamo wagonjwa waliolazwa walipewa kamera wapige picha za vitu na mahali pa wodini palipokuwa na maana kwao, wakahojiwa wakiwa hospitalini na tena walipokwisha kurudi nyumbani. Kinachonivutia ni hiyo mara ya pili. Mtu akiwa nyumbani anaitazama picha ya kitanda alichokilalia, na safari hii anaisimulia akiwa amekwisha kuvuka. Picha haijabadilika, ila maana yake imesogea. Sisi wauguzi, ambao mara nyingi tunaagana na mgonjwa mlangoni na habari zake tukazipoteza, tungejifunza mengi kama tungemfuata na picha zake hadi huko alikorudi.

Niwape mfano mmoja nitakaokaa nao kidogo. Mtu anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeshindwa kazi huwekewa kiwango cha maji anachoruhusiwa kunywa kwa siku. Tunamfundisha, tunampima uzito kila anapokuja, na uzito ukizidi tunajua amekunywa zaidi ya kiwango. Kwenye jalada tunaandika kwamba hafuati maelekezo. Sasa mtu huyo analeta picha ya bilauri ndogo juu ya meza, imechorwa mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Muuguzi akiitazama anafurahi: mgonjwa ameelewa, amejiwekea kipimo! Ukinyamaza, na yeye akapata nafasi ya kusema, huenda akakueleza kwamba mstari ule ameuchora mwanawe. Kwamba kila akiinua bilauri, nyumba nzima inamtazama. Kwamba zamani yeye ndiye aliyekuwa akiwapimia wengine, na leo anapimiwa. Kwamba yale maji ya ziada anayanywa usiku, gizani, si kwa kiu peke yake, bali kwa sababu ni kitu pekee anachokifanya bila kusimamiwa. Hakuna swali katika mwongozo wetu wa mahojiano ambalo lingefika hapo. Na ukishalisikia jambo hilo, hutamfundisha tena kuhusu maji kwa namna ileile. Utaanza kwa kuzungumza na familia.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, msikimbilie kuieleza picha. Kosa kubwa ninaloliona katika kazi nyingi ni mtafiti kuitazama picha ya mshiriki na kusema, "Hapa naona upweke." Upweke umeutoa wapi? Kiti kitupu kinaweza kuwa cha marehemu, kinaweza kuwa cha mgeni anayesubiriwa, kinaweza kuwa ndicho kiti pekee asichoumia mgongo akikikalia. Muulize mwenyewe, kwa swali jepesi: "Nieleze kuhusu hii." Kisha nyamaza. Kunyamaza kunahitaji mazoezi, hasa kwetu sisi tuliofundishwa kufariji na kuelekeza. Mshiriki akitua, usimjazie. Mara nyingi ataitazama picha tena na kuongeza lile alilokuwa akilizunguka. Picha ina msaada mwingine hapo: nyote wawili mna mahali pa kuweka macho. Mtu anayeona haya kusema jambo la mwili wake huku unamkazia macho, atalisema mkiwa mmeinamia picha pamoja.

Katika fotovoisi kuna maswali matano yanayotumika sana kuongoza kikundi: tunaona nini hapa, ni nini hasa kinachotokea, jambo hili linahusianaje na maisha yetu, kwa nini hali hii ipo, na tunaweza kufanya nini. Kwa kikundi kinachotaka kubadilisha jambo, maswali hayo yana nguvu kubwa, kwa sababu yanawatoa watu kwenye "shida yangu" na kuwafikisha kwenye "shida yetu na chanzo chake". Lakini sikubaliani na wanaoyatumia kila mahali kama dua. Ukimwuliza mtu anayeugua saratani iliyosambaa, peke yake chumbani, "Kwa nini hali hii ipo?", umemtwisha mzigo. Na ukimwuliza, "Tufanye nini?", huenda jibu halipo, na wewe unajua halipo. Kwa mtu kama huyo "Nieleze kuhusu hii" inatosha.

Kuna swali moja ambalo napenda liingie katika kila mahojiano ya namna hii: "Kuna picha uliyotaka kuipiga hukuipiga?" Hannah Frith na Diana Harcourt walipofanya utafiti na wanawake waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti kwa dawa za kemikali, na Darrin Hodgetts na wenzake walipofanya kazi na watu wasio na makazi jijini London, tafiti zote mbili zilizochapishwa mwaka 2007, walitufundisha kuzipa uzito picha ambazo hazikupigwa. Mtu alikuwa na maumivu makali mno kuinua kamera. Au aliona aibu. Au mtu aliyetaka kumpiga picha alikataa. Au jambo lenyewe halina sura: uchovu unaupigaje picha? Hofu ya kusubiri majibu ya vipimo unaiwekaje kwenye fremu? Majibu ya swali hilo ni data kamili. Yaandikeni, yachanganueni pamoja na mengine.

Hapa huwa naulizwa: je, washiriki si watapanga vitu ili picha zipendeze? Watapanga, tena sana. Mtu atatandika kitanda kwanza ndipo apige picha ya chumba anachouguzwa. Jambo hilo halinisumbui, mradi mtafiti aliulizie. Kutandika kitanda kabla ya kupiga picha kunatueleza jinsi mtu anavyotaka ugonjwa wake uonekane, na heshima yake anaijenga wapi. Hatudai kwamba picha ni ushahidi wa mahakamani. Tunadai kwamba ni chaguo la mtu, na chaguo lina sababu.

Sasa maadili. Hapa nitachukua muda, mnisamehe, kwa sababu ndipo mbinu hii inapoweza kumdhuru mtu, na sisi wauguzi ndio tuliokabidhiwa siri zake.

Ridhaa ya kushiriki utafiti na ridhaa ya kutumia picha ni ridhaa mbili. Ya kwanza inaombwa mwanzoni. Ya pili haiwezi kuombwa mwanzoni kwa haki, kwa sababu picha zenyewe bado hazipo; mtu hajui atapiga nini. Iombeni baada ya mahojiano, picha moja baada ya nyingine: hii ibaki kati yetu, hii itumike kwenye uchanganuzi tu, hii ionyeshwe hadharani. Mshiriki awe na ruhusa ya kufuta picha yoyote bila kutoa sababu, kabla hata ya mtafiti kuiona. Tena kumbukeni kwamba, katika sheria za nchi nyingi, mwenye haki ya picha ni aliyeipiga. Mtafiti ni mwazimaji.

Kisha kuna watu wengine wanaoingia kwenye picha. Mgonjwa wa kitanda cha pili hakujiandikisha katika utafiti wetu. Mgeni aliyeketi pembeni hakujiandikisha. Muuguzi wa zamu hakujiandikisha. Wang na Yanique Redwood-Jones waliliandikia suala hili mwaka 2001 kutokana na kazi yao huko Flint, Marekani, wakatahadharisha kuhusu kuingilia faragha, kufichua mambo ya aibu ya mtu, na kumwonyesha mtu katika sura isiyo ya kweli. Hospitalini hatari inaongezeka, kwa sababu hata ukuta unaongea. Ubao wenye majina ya wagonjwa, kibandiko kwenye dripu, skrini ya kompyuta, jalada lililofunguliwa kitandani: vyote hivyo vinaweza kukaa nyuma ya picha ya mtu aliyekusudia kupiga dirisha tu. Mshiriki afundishwe mapema, kwa mazoezi na si kwa karatasi, kutazama kona nne za picha kabla ya kubonyeza. Afundishwe pia kupiga bila sura: mikono, viatu, kivuli, kitu badala ya mtu.

Simu janja zimerahisisha kazi na zimeleta matatizo yake. Simu inaweza kuandika ndani ya faili la picha mahali na saa ilipopigwa, na mtu mwenye ujuzi mdogo tu akaisoma. Nyingi zinapakia picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mwenye simu kujua. Huduma hizo zizimwe kabla ya kazi kuanza, na taarifa za mahali ziondolewe kabla faili halijahamishwa. Kama bajeti inaruhusu, mshiriki apewe kamera ya kawaida isiyounganishwa na intaneti. Haina mvuto, lakini usiku mtafiti atalala. Na kama mshiriki anaishi na mtu anayemtendea ukatili, jiulizeni mara mbili kabla ya kumpa kifaa chochote chenye kumbukumbu ya yanayotokea nyumbani. Panapo hatari hiyo, msimpe.

Kuhusu kufunika sura, msichukulie kwamba kuficha ndiko kulinda siku zote. Wapo watu waliotumia miaka wakifichwa kwa sababu ya ugonjwa wao, na wanataka uso wao uonekane. Mpiga picha Mwingereza Jo Spence, alipogunduliwa kuwa na saratani ya matiti mwaka 1982, aliugeuzia kamera mwili wake mwenyewe na matibabu aliyopewa, kwa sababu hakutaka kubaki kitu kinachotazamwa na madaktari peke yao. Kumfunika mtu kama huyo mstari mweusi machoni ni kumrudisha alikotoka. Mweleze hatari zote, hasa kwamba picha ikishatoka hairudi, mpe muda wa kufikiri, kisha heshimu uamuzi wake, na uende ukautetee mbele ya kamati ya maadili.

Uchanganuzi nitaupitia haraka kwa kuwa wengi mnaujua. Rekodini sauti, na wakati wa mahojiano itajeni kila picha kwa namba, la sivyo mtakuta kwenye unukuzi "hiki hapa" na "yule pale" na hamtajua ni kipi wala nani. Simulizi na picha visitenganishwe mnapoweka misimbo, yaani majina mafupi ya kila wazo, na kutafuta dhamira, yaani mawazo makuu yanayojirudia. Mkishapata dhamira, zirudisheni kwa washiriki, muone kama wanajitambua humo.

Wala kamera isiwe lango la kuwafungia watu nje. Mwenye mikono inayotetemeka anaweza kuelekeza na msaidizi akabonyeza, mradi yeye ndiye aliyechagua nini na kutoka wapi. Asiyeona anaweza kupiga picha ya anachokisikia au kukigusa, kisha akakisimulia. Lakini mtu aliyechanganyikiwa kwa homa, au anayeumwa sana siku hiyo, aachwe apumzike. Utafiti utasubiri.

Jambo la mwisho ni lile ambalo fomu nyingi za ridhaa nilizozisoma hazilitaji. Baadhi ya washiriki wetu watafariki kabla kazi haijaisha. Picha zao zitabaki mikononi mwetu, na pengine ndizo za mwisho walizopiga. Familia ikija kuziomba, tutajibu nini? Ndani yake huenda kuna mambo ambayo marehemu aliyasema kwa sharti kwamba nyumbani yasijulikane. Huenda pia kuna yale aliyotamani wayajue. Ninachopendekeza ni kwamba swali hilo aulizwe mwenyewe, angali hai, siku ileile ya kupitia picha: "Kama haupo, hizi apewe nani, na zipi zifutwe?" Ni swali zito kulitamka. Nimewaona wauguzi vijana wakiliogopa, na nimewaona wagonjwa wakilijibu kwa utulivu, wakizipanga picha mafungu mafungu juu ya shuka. Naomba kamati za maadili zilizowakilishwa hapa lifikirieni, liingizwe kwenye fomu, na liwe na nafasi ya kubadilishwa kadiri mtu anavyobadili mawazo.

Mheshimiwa mwenyekiti, naomba niishie hapo ili tupate muda wa maswali. Asanteni sana.